Watu wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, watu wa nyumba namba kumi na nne walifika kwenye kituo cha utafiti wa malaria. Mlinzi aliwaandika kwenye daftari la wageni, nao wakaketi kwenye benchi nje ya chumba cha takwimu. Walikuwa sita: mama, baba, bibi na watoto watatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ua wote wa kituo ulikuwa tope, lakini miguu yao ilikuwa safi kana kwamba imetoka kwenye beseni. Mlinzi aliliona hilo, akasema moyoni kwamba kweli wapo watu wanaojua kukanyaga.

Mama Fomu alikuja dakika tano baadaye na mwavuli wake. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa vijijini, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja ya kazi ya udodosaji hakuna aliyewahi kumwona bila jalada kwapani. Alipolifikia benchi, yule mama akasimama.

"Shikamoo, mama."

Walikuwa rika moja, wote wana miaka arobaini na mitatu. Mama Fomu alilijua hilo vizuri, kwa maana umri ule aliuandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu.

"Marahaba," alijibu. Hakuona jibu jingine.

"Sisi ni wa namba kumi na nne, ng'ambo ya bonde. Tumekwenda nyumbani, tumekuta watu."

"Watu gani?"

"Wenyewe," alisema yule mama.

Mama Fomu alifungua mlango wa chumba cha takwimu, akatundika mwavuli, akakaa kwenye kiti chake. Aliwaangalia kupitia dirisha mmoja mmoja, akawahesabu kwa umri. Hakukosea hata mmoja.

Wiki saba kabla ya hapo utafiti ulikuwa ukingoni. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani analala ndani ya chandarua, nani ameshikwa na homa katika majuma mawili yaliyopita, maji yanatuama wapi, ukuta ni wa nini na paa ni la nini. Majibu yalipakwa rangi kwenye ramani. Penye homa nyingi palikuwa pekundu, penye homa chache palikuwa kijani, na vyandarua, dawa na wapuliziaji walifuata wekundu. Mama Fomu alipewa nyumba mia nne za upande huu wa bonde na thelathini na moja za ng'ambo. Zile mia nne alizimaliza zote kwa miguu yake. Ilibaki ng'ambo.

Alhamisi alifika kwenye daraja la magogo, akakuta maji yamelipanda hadi magotini. Lilivukika. Mbele ya macho yake walivuka wanawake wawili wenye kuni kichwani na mzee mmoja aliyekuwa akiimba. Lakini goti lake la kushoto lilikuwa linauma, viatu vilikuwa vipya, na fomu zilitakiwa Ijumaa. Akageuka. Shule ilikuwa imefungwa, akaingia kwenye darasa tupu, akarudishia mlango. Kati ya saa nne na saa tisa alikuwa amewahoji watu wote wa ng'ambo.

Aliifanya kazi ile kwa ufundi. Alijua kwamba uongo unaofanana hugundulika upesi, kwa hiyo alibadilisha kalamu, akaweka mume mdogo kuliko mkewe katika nyumba mbili, akaweka mapacha, akaweka mjane mwenye maneno machache. Chandarua cha nyumba namba sita alikitoboa, kwa sababu maisha yake yote hajaona nyumba thelathini na moja zisizo na hata chandarua kimoja kilichotoboka. Jambo moja tu hakulibadilisha. Hakuna mtu aliyempa homa. Haikuwa huruma. Kila "ndiyo" kwenye kisanduku cha homa ilidai fomu ya pili yenye kurasa nne na tone la damu kwenye kioo, naye pale darasani hakuwa na damu ya mtu ila yake mwenyewe. Basi ng'ambo nzima ikapona siku ile kwa mkono wa mtu mmoja mwenye haraka.

Sasa walikuwa kwenye benchi. Saa nne aliwapeleka kwenye banda la chakula nyuma ya kituo.

"Mnapenda kula nini?" aliwauliza.

Yule mama alimtazama mumewe, mumewe akamtazama bibi.

"Hatujaulizwa," alisema yule mama kwa heshima.

Aliwanunulia mkate. Walikula wote sita kwa mwendo mmoja, wakasema ni mzuri, kisha wakaondoka kurudi ng'ambo, wakaacha ua wenye tope bila alama ya unyayo.

Kufikia Ijumaa wote walikuwa wamekuja kumwamkia, nyumba baada ya nyumba, watu mia na sitini na watatu. Wa namba ishirini na mbili ndio waliomuumiza zaidi. Katika haraka zake alikuwa amegeuza tarakimu, msichana wa miaka kumi na nne akamwandika arobaini na moja. Alikuja amevaa sare ya shule, ana mvi kwenye panja, amemzidi baba yake miaka mitatu. Alimwomba baba ruhusa ya kwenda chooni, akaruhusiwa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mama Fomu.

"Si kitu, mama. Nimeshazoea."

Mama Fomu aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, mwanamke ambaye maneno yake yalikwenda sawa na cherehani yake, mafupi na yenye ncha. Mdodosaji alimsimulia yote jioni ile. Dada hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Nilikuwa najiuliza wale wageni wanaokuita mama ni wa nani," alisema. "Wana adabu. Hawakuchukua kwako."

"Nifanye nini, dada?"

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imevuka mto. Nenda kaseme, kabla haijafika baharini."

Jumatatu iliyofuata alipiga moyo konde, akaingia ofisini kwa Daktari. Daktari alikuwa amewasoma mbu kwa miaka ishirini. Alikuwa mtu wa haki, hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na alikuwa na tabia ya kufuta miwani yake kwa ncha ya koti kila alipofikiri. Nyuma ya kiti chake ilitundikwa ramani. Ng'ambo ya bonde ilikuwa kijani kibichi, mahali pekee penye rangi ile katika wilaya nzima.

"Daktari, wale watu wa ng'ambo niliwatunga."

"Wote?"

"Wote mia na sitini na watatu. Nilikaa darasani. Daraja lilikuwa na maji."

Daktari aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, na saa aliyoyasikia. Lakini alikuwa mwanasayansi, hakubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu anayelia. Alimtuma mtu wa maabara ng'ambo kwa siku mbili na sanduku la vioo. Siku ya tatu alimwita Mama Fomu, akamwonyesha darubini.

"Tazama."

Alitazama. Damu ilikuwa safi, nyekundu, imetulia, kama iliyochorwa kwenye kitabu cha shule.

"Vioo mia na sitini na vitatu," alisema Daktari. "Hakuna kimelea hata kimoja. Umri unalingana na fomu zako. Hata yule binti wa arobaini na moja yupo. Unaniambia hawapo, na mimi nimewatoboa vidole."

"Sasa wapo, Daktari. Siku ile hawakuwapo."

"Utafiti haukuuliza walianza lini."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Waliokuwapo kabla. Walio ndani ya nyumba."

Daktari alifuta miwani yake. "Wana namba?"

"Hawana. Namba zao niliwapa hawa."

"Basi," alisema Daktari polepole, na haikujulikana anamwambia nani.

Wiki hiyo hiyo barua ya pongezi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilisema kwamba kati ya maeneo yote, ni eneo la Mama Fomu peke yake lililohakikiwa mara ya pili kwa vioo vya damu, na takwimu zake hazikupungua wala kuzidi. Wenzake walimpigia makofi. Mtunza stoo alimwambia amewaonyesha vijana kazi. Tangu siku hiyo alianza kuingia kituoni kupitia mlango wa jikoni, ili asiupite ubao ule. Wapishi walipomuuliza alisema anatafuta kivuli.

Alivuka kwenda ng'ambo Jumamosi. Kwa majuma yote yale alikuwa amejiambia kwamba ni safari ya saa mbili. Ilimchukua dakika arobaini, na goti halikuuma.

Nyumba namba kumi na nne ilikuwa ya fundi baiskeli. Alimkuta uani, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, anachezea mnyororo. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mikono ya grisi, akampa kiwiko badala ya mkono. Kwenye chumba cha mbele walikaa wale sita, wameketi wima kama wanaosubiri kuitwa. Chumba cha nyuma walikaa fundi, mkewe na binti yao wa miaka mitano.

"Mnaishi nao vipi?" aliuliza Mama Fomu.

"Vizuri," alisema fundi. "Walikuja wakatutajia namba ya nyumba yetu, na sisi wenyewe hatukuwa tunaijua. Mtu akikujia na namba yako utamfukuzaje? Hawana makuu. Hawali mpaka uwakumbushe. Tatizo ni mbu."

Mkewe alitoka mlangoni akalieleza tatizo. Mbu waliwapita wale wageni kama wanavyopita mlingoti, wakaja wote chumba cha nyuma. Wageni walikuwa na vyandarua vitatu, vipya, na walipoona hivyo walivitoa vyote bila kuombwa. Lakini kila mtoto wa fundi alipofunikwa kwa kimojawapo, mbu waliingia humo humo wakatoka, kana kwamba hakijatundikwa. Viliandikwa kwa wengine.

"Yule mama alijaribu hata kulala amemkumbatia mtoto," alisema mke wa fundi. "Ana moyo. Lakini hana joto."

Mtoto alikuwa kitandani, kichwa kimelegea, macho hayajafungwa wala hayajafunguka. Hii ilikuwa homa yake ya tatu tangu mvua zianze. Mama Fomu alitoa kipimo cha malaria mfukoni mwa jalada, akamtoboa kidole. Ilitokea mistari miwili, myekundu, kama iliyopigwa kwa rula: malaria. Hakuwa na dawa. Alikuwa na fomu.

Walimpakia kwenye baiskeli iliyokuwa nzima, baba akisukuma, mama akishikilia, mdodosaji nyuma na mwavuli juu ya wote. Kwenye zahanati ya upande huu muuguzi aliwapokea haraka, akamlaza mtoto kwenye benchi, akampima joto.

"Mnatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo?" Muuguzi aligeuka akaitazama ramani iliyobandikwa juu ya sinki. Ilikuwa ndogo, lakini rangi ni zile zile. "Ng'ambo ni kijani. Sindano za homa kali zilizokuwa fungu lenu zimepelekwa kwenye wekundu tangu mwezi jana. Fungu la hapa nalo lilikwisha Alhamisi." Alikuwa anasema huku anaponda kidonge kwenye kijiko. "Nitamnywesha hiki, na naita gari."

Gari lilichukua saa tano. Mtoto alishikwa na degedege mara mbili pale kwenye benchi. Mara ya pili Mama Fomu ndiye aliyemshika miguu, na miguu ile ilikuwa na tope kavu kati ya vidole.

Hospitali walikaa siku tisa. Mtoto alipona. Alikula, akatembea, akacheka. Siku waliyomrudisha nyumbani, mama yake alimwita kutoka jikoni, asigeuke. Baba yake alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, kisha akagonga rimu kwa spana. Akarudia siku ya pili, na ya tatu. Baadaye akaacha kugonga, akaiweka spana mahali pake.

"Tunakushukuru sana, mama," fundi alimwambia mdodosaji. "Usingetokea siku ile, sasa hivi tungekuwa tunasema mengine. Mungu akulipe."

Mdodosaji alisema asante, akakataa kubeba kuku waliyemfungia miguu, halafu akambeba, kwa sababu kukataa kulihitaji maelezo.

Mwezi uliofuata alichukua likizo yake yote, akapita nyumba zote thelathini na moja. Safari hii alikaa, aliuliza, alisubiri wazee wakumbuke. Homa ilikuwa katika nyumba kumi na tisa. Wageni wa kwenye fomu walimsindikiza mlango kwa mlango, wakimbebea jalada na kumwonyesha walipo wagonjwa. Hawakuwa na kinyongo. Msichana wa arobaini na moja alimsomea umri wa watoto mara mbili mbili, asije akageuza tena.

Daktari alizisoma fomu zile zote mbele yake, moja baada ya nyingine, bila kuruka ukurasa. Ilimchukua hadi adhuhuri.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Ni kazi bora kuliko ile ya kwanza."

"Zitaingizwa?"

"Nimejaribu moja ulipotoka kunywa maji. Mashine inasema namba hii ina mwenyewe." Alivua miwani, akaifuta. Ilikuwa haina vumbi. "Halafu tukiibadili rangi ya ng'ambo, wataniuliza rangi za kwingine nilizipataje. Na za kwingine sikwenda kuwatoboa watu vidole."

Hakuzitupa. Alizifungia kwenye droo ya chini kabisa, na tangu hapo wakikutana ukumbini kila mmoja alikuwa na jambo la kutazama sakafuni.

Mambo yakaendelea. Ng'ambo ikawa mfano. Walikuja wageni kutoka mbali kujifunza namna watu wa bonde moja walivyoishinda malaria, wakapelekwa kwa wale mia na sitini na watatu, waliojibu kila swali kwa ufasaha. Wenyeji waliombwa siku hizo wakae ndani, si kwa ubaya, ila wasije wakawachanganya wageni. Yule mama wa namba kumi na nne alipigwa picha amesimama kando ya chandarua. Picha ilibandikwa kwenye zahanati, juu ya sinki, pale ramani ilipokuwa. Msichana wa arobaini na moja alimaliza darasa la saba, akafaulu.

Mvua za mwaka wa pili ziliponyesha, duru mpya ya utafiti ilianza. Mama Fomu aliomba apewe ng'ambo, akapewa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na rekodi kama yake huko. Fomu za karatasi zilikuwa zimeondolewa, sasa alibeba kishikwambi. Alilivuka daraja maji yakiwa magotini, akafika namba kumi na nne saa nne. Yule mama wa picha alimjibu maswali yote arobaini na saba kwa dakika kumi. Hakuna aliyeugua. Kishikwambi kilishukuru, kikajifunga.

Mdodosaji hakuondoka. Alienda uani, akakaa juu ya tairi mbele ya fundi, viatu vikichuruzika maji, akaanza kumuuliza maswali yale yale kwa mdomo. Hapakuwa na pa kuandika. Fundi aliacha kazi akajibu. Watu watatu. Chandarua hakuna. Homa, ndiyo, wote, mke mara mbili. Mtoto alikuwa amechuchumaa karibu nao akipanga spoku, hageuki kwa lolote.

"Nimefika swali la mwisho," alisema Mama Fomu. "Je, una jambo lolote ambalo ungependa kutuuliza?"

Fundi alifikiri. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ninalo moja, mama. Limenikaa muda mrefu, usilichukulie vibaya. Mwaka jana, ile Alhamisi ya mvua, tuliambiwa mtu wa fomu anakuja. Sikwenda kazini. Mke wangu alipika chai, tukatandika mkeka mpya, tukamvalisha mtoto gauni. Tulikaa mpaka jua likazama. Ulipita njia gani hata tukapishana?"

Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni, naye anangoja.

"Sikuja," alisema Mama Fomu.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo ng'ambo ile. Hakuna kilichoanguka. Yule mama wa picha alitoa kichwa dirishani, uso wake umejaa wema.

"Alikuja," alisema. "Mimi mwenyewe alinihoji. Aliniuliza vizuri sana, yote arobaini na saba."

Naye hakuwa mtu wa kusema uongo, kila mtu pale alilijua hilo.

Fundi alimtazama yule mama, akamtazama mdodosaji na viatu vyake vilivyolowa, akaona si adabu kumwacha mgeni akihangaika na jambo kama hilo uani kwake.

"Basi labda," alisema, "sisi ndio hatukuwapo."